Mzee Pua na Harufu ya Marashi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna sufuria jikoni, ipunguzieni moto, maana habari ya leo haisikilizwi nusunusu.

Leo tunamkumbuka mpuliza dawa za wadudu. Mtu wa kunguni, mende, siafu na mchwa. Wateja wake walimwita Mzee Pua, na mjane wake ameniambia kwamba hata yeye nyumbani alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Mzee Pua ametutoka wiki iliyopita. Aliugua kisukari miaka mingi, kisha figo. Narudia: kisukari, kisha figo. Nasema mara mbili kwa sababu nimesikia watu pale msibani wakinong'ona kwamba ni dawa zake zilizommaliza. Binti yake, aliyemuuguza mpaka mwisho, ameniomba niliseme hili hewani. Nimelisema. Atakayeendelea kunong'ona anajua sasa kwamba anamsingizia marehemu.

Lakini leo sizungumzii ugonjwa. Nazungumzia marashi. Marashi yaliyokaribia kuvunja ndoa ya mtu mwenye pua kali kuliko sisi sote. Mjane wake ndiye aliyenisimulia, kwa hiari yake, na akanionya nisije nikaipaka habari hii mafuta.

Kwanza mjue alivyofanya kazi. Ukimwita Mzee Pua nyumbani kwako, siku ya kwanza hakuja na bomba mgongoni. Alikuja na tochi na nyundo ndogo ya kung'olea vibao vya chini ya ukuta. Alisimama mlangoni akavuta hewa. Halafu akauliza swali moja tu: "Mmepuliza?"

Na watu walijibu nini? Hapana! Kila nyumba, hapana. Baba hapana, mama hapana, mpaka bibi aliyejinyoosha kwenye kochi, hapana. Mzee Pua hakubishana na mtu. Alikwenda kwenye pazia, akalishika, akalinusa. Akaenda kwenye godoro, akanusa. Kisha akageuka taratibu: "Hili kopo lenu ni la harufu ya waridi au la limau?" Hapo mwenye nyumba alianza kukuna kichwa, akaingia nyuma ya kabati, akatoka amekumbatia makopo matupu.

Mzee Pua alifunga begi akaenda zake. Siku hiyo hapulizi ng'o. "Tulieni kwanza," aliwaambia. "Asiguse mtu kopo mpaka nirudi."

Watu walimwona ana maringo. Wengine walisema anatafuta kulipwa safari mbili. Nami nakiri, mara ya kwanza nilipoelezwa habari hiyo nilisema moyoni, huyu mjanja. Mimi ni mtu wa kushuku, mnanijua. Nikamuuliza mshirika wake, aliyebeba naye mabomba miaka yote. Lakini mshirika yule hupenda kutia chumvi, kwa hiyo nikawatafuta na wapuliza dawa wengine ambao hawakumfahamu kabisa. Wote walinijibu sawasawa.

Ni hivi. Dawa ya kopo, ile ya dukani, inamuua kunguni uliyemwona na kumlenga. Wenzake wakiisikia wanatimua mbio. Wanaingia kwenye nyufa, nyuma ya soketi, chumba cha pili, kwa jirani. Mayai yao ndiyo hayana habari kabisa. Unalala kwa raha siku chache, unalisifia kopo, kisha wanarudi na watoto wao. Na ukishapuliza ovyo, fundi akija kupaka dawa yake, kunguni wamekwishahama pale anapopaka. Atampakia nani? Narudia kwa faida ya aliyewasha redio sasa hivi: kopo linaua unaowaona na kutawanya usiowaona.

Sisemi kopo halina kazi. Mende mmoja amekatiza jikoni, haya, mpulize, umalizane naye. Wala sisemi kila mwenye ovaroli ni fundi. Wapo wanaokuja na bomba la maji yenye harufu, wanakulowesha godoro, wanaondoka, na ukipiga simu haipatikani tena. Mzee Pua aliwachukia watu hao kuliko kunguni wenyewe. Yeye alirudi baada ya kama wiki mbili, bila kuitwa, kuwakuta walioanguliwa kutoka kwenye mayai. Ukimpata fundi asiyerudi, mtilie shaka.

Sasa tuingie nyumbani kwake.

Ilikuwa nyumba ndogo, vyumba viwili na sebule, ukuta mmoja wakichangia na jirani. Watoto walikuwa shuleni mchana kutwa. Mkewe alikuwa akisuka nywele za watu sebuleni, siku wanapokuja. Na Mzee Pua alijigamba. Alijigamba kwa kinyozi, alijigamba kwa wateja: "Kwangu mimi hata sisimizi anabisha hodi." Watu walicheka, wakampa kazi.

Jioni moja alirudi, akafungua mlango wa chumba cha kulala, akapigwa usoni na marashi. Siyo tone. Marashi ya kujaza chumba. Na mkewe hakuwa mtu wa marashi. Yeye na mafuta yake ya mgando, basi.

"Kuna harusi?" akauliza Mzee Pua.

"Hapana. Nimejisikia tu."

Nimejisikia tu. Ungetegemea mume aseme, mke wangu, mbona leo umejisikia? Hakusema. Akaanza kuchunguza.

Wasikilizaji wapendwa, mtu akianza kuchunguza, hakosi kitu cha kuona. Mzee Pua akaona shuka zimeanikwa katikati ya wiki, wakati siku ya kufua ni Jumamosi. Akaona kitanda kimesogezwa mbali na ukuta. "Hewa ipite," mkewe akasema. Akaona mkewe anavaa mikono mirefu kwenye joto la kuyeyusha mshumaa. Akaona mkewe anachukua mto wake na kuhamia kwa watoto. "Kule kuna upepo," akasema. Kwa watoto kulikuwa na dirisha moja, nalo halikufunguka vizuri.

Kisha mshirika wake akamvuta pembeni kazini. "Kaka, sitaki kuingilia ya ndani kwako. Lakini shemeji nimemwona upande wa pili wa mji. Kajitanda mtandio mpaka puani. Nimemwita, kakaza mwendo kama hanijui."

Hebu tusimame hapo. Shuka zinafuliwa kila mara. Kitanda hakigusi ukuta. Mikono inafichwa. Mtu anakimbia chumba chake. Mteja yeyote angemweleza Mzee Pua mambo hayo, angemkatisha kabla hajamaliza: mama, una kunguni. Angemwambia hata wamejificha wapi. Alizijua dalili hizo nje ndani. Lakini hii ilikuwa nyumba yake, na huyu alikuwa mke wake. Akazitafsiri vingine. Akaamua kwamba mkewe ana mwanamume.

Mtauliza, yeye mwenyewe hakuumwa? Aliumwa kila siku. Wapo watu ambao kunguni huwala bila kuacha hata kipele, naye alikuwa mmoja wao. Alikuwa anawaambia wateja jambo hilo. Hakujiambia yeye.

Mshirika wake anasema Mzee Pua alianza kunyong'onyea. Chakula akikigusa tu. Alimulika tochi ukutani, macho yakiwa mbali. "Siku moja alimwuliza mteja, 'Mmepuliza?' Mteja akasema hapana. Mzee Pua akamfokea, 'Mbona mnaficha? Mbona mnatuficha?' Mama wa watu akabaki ameduwaa." Hilo siyo chumvi, mteja mwenyewe amenithibitishia.

Mambo yakafika pabaya. Mzee Pua akaenda kwa kaka wa mkewe. Akakataa kukaa. Akamwambia amesimama mlangoni: "Shemeji, kaa tayari kumpokea dada yako." Shemeji akauliza kuna nini. Hakujibiwa. Shemeji akampigia simu dada yake kumuuliza, naye dada akasema hajui kitu, wamekosana hata lini? Kumbe ndoa yenye watoto watatu ilikuwa imebakiza siku tu. Na kati ya wawili hao, mmoja hakujua kwamba ameshahukumiwa, na mwingine hakujua kwamba amekosea.

Basi. Siku moja kabla ya adhuhuri, Mzee Pua akamwachia mshirika wake kazi akiwa katikati. Akaondoka na ovaroli yake, tochi mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Mshirika alitaka kumfuata, akaona afadhali akae.

Alipofika kwake, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Mchana kweupe! Madirisha yote yamefungwa. Na harufu ya marashi inapenya chini ya mlango. Akagonga. Ndani akasikia kitu kikisukumwa, kitu kikianguka. Akagonga tena. Mjane wake ananisimulia: "Nilijua ni yeye. Nikasema leo nimepatikana."

Nimepatikana. Fikirieni kama angelisikia neno hilo upande wa pili wa mlango.

Mkewe akafungua. Jasho linamtiririka, mtandio puani, macho mekundu. Mzee Pua hakumsalimia. Alimpita mpaka chumbani. Akafungua kabati kwa nguvu, nguo zikaanguka. Hakuna mtu. Akatazama nyuma ya mlango. Hakuna mtu. Akapiga magoti, akawasha tochi, akainua nyundo, akainama uvunguni.

Hakukuwa na mwanamume, wasikilizaji. Kulikuwa na kopo la dawa ya dukani, limebingiria mpaka ukutani, bado linatoa povu mdomoni. Na kwenye chaga za kitanda, kwenye kila kiungio cha mbao, walikuwepo kunguni. Wakubwa, wadogo, mayai, maganda, na yale madoa meusi aliyowaonyesha wateja maisha yake yote.

Mzee Pua akakaa sakafuni. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

Mkewe akamweleza yote. Aliwaona mara ya kwanza wakitoka kwenye mshono wa begi la kazi. Begi la mumewe! Kulikuwa na siku alirudi amechoka akalitupa kitandani, yeye aliyewakataza wateja wasiweke mzigo kitandani. Mkewe akafikiria kumwambia. Akafikiria na watu. "Niliwaza wakisikia kwamba mpuliza dawa analala na kunguni, nani atamwita tena? Na yeye mwenyewe alivyojigamba! Nikasema nitawamaliza kimyakimya, asijue, asiaibike." Akawa ananunua makopo upande wa pili wa mji, kwa sababu mwenye duka la mtaani kwao angetangaza kabla hajamrudishia chenji. Na kwa kuwa aliijua pua ya mumewe, kila akimaliza kupuliza alimwaga marashi juu ya dawa ile. Alipuliza, wakatawanyika. Akapuliza tena, wakaongezeka. Alikuwa anafanya kosa lilelile ambalo mumewe alilikemea kila nyumba, na alilifanya kwa kumpenda.

Mzee Pua alisikiliza mpaka mwisho. Mkewe akamuuliza, "Na wewe, mbona umerudi saa hizi?"

"Nimefuata nyundo," akasema Mzee Pua.

Mkewe akaitazama ile nyundo mkononi mwake. "Basi umeshaipata," akasema, akaenda kufungua madirisha.

Hayakuishia hapo. Upande wa pili wa ukuta, jirani naye alikuwa na vita vyake. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekuja kukaa kwao na sanduku lake. Muda mfupi baadaye kunguni wakaonekana. Nani kawaleta? Wifi! Nani mwingine? Maneno yakawa maneno, wifi akafunga sanduku akaondoka analia. Mzee Pua alipomulika ule ukuta wa pamoja akaelewa. Ni makopo ya mkewe yaliyowasukuma kwenda kule.

Mkewe akamsihi asiseme. "Baba watoto, nyamaza. Wapulizie bure, useme ni msaada wa ujirani. Ukisema wametoka kwetu umekwisha."

Mzee Pua alikwenda akasema. Alisimama sebuleni kwa jirani, akasema: "Jirani, wadudu hawa wametoka kwangu. Nimewaleta mimi, kwa begi langu. Wifi yako hana kosa. Kamrudishe."

Na kweli, mkewe alikuwa amebashiri vizuri. Habari zikaruka. Fundi wa kunguni ana kunguni! Wengine wakaenda mbali zaidi: ahaa, kumbe anawafuga, anawasambaza kwa begi ili apate kazi. Mpaka leo wapo wanaoamini hivyo. Nimekutana na mmoja msibani, anakula wali wa matanga huku ananiambia kwa siri. Kazi zilimpungua kwa muda mrefu. Nyumba yake aliitibu mwenyewe, taratibu, kwa mvuke wa moto na dawa ya nyufa, akarudia, akarudia tena, mpaka ikatakata. Wifi wa jirani alirudi. Alikuwepo mazishini, amekaa mstari wa mbele na wanawake wa familia.

Sasa mtasema, basi, mambo yakaisha vizuri. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kufunga vifaa vyangu vya kurekodia, mjane akanishika mkono. "Kaa," akasema. "Sijamaliza."

Nitayasema maneno yake kama alivyoyasema.

"Tuliishi vizuri baada ya pale. Lakini kulikuwa na kitu. Nikichelewa sokoni, anakuwa mlangoni. Nikipigiwa simu, anapunguza sauti ya redio. Hakuwahi kunitukana, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Ni macho tu. Nilijua siku ile alikuja kutafuta nini. Mtu anayekuja kutafuta kunguni haanzi kwa kufungua kabati kwa kishindo. Nilijua. Nikasema, atasema mwenyewe, na akisema nitamjibu. Miaka ikapita. Watoto wakaoa na kuolewa. Hakusema.

"Alipozidiwa, madaktari wakaturuhusu tukae naye nyumbani. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji. Akausukuma mkono wangu. Akaniambia, 'Mama watoto, siku ile nilidhani una mtu.'

"Nikamwambia, 'Najua.'

"Akashangaa. 'Tangu lini?'

"'Tangu siku ileile.'

"'Mbona hukusema kitu?'

"'Nilikuwa nangoja uniulize.'

"Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akafumbua macho, akaniambia, 'Basi nakuuliza. Ulikuwa na mtu?'"

Wasikilizaji, nilitaka kuzima mashine. Mtu aliyewaona kunguni kwa macho yake. Mtu aliyepewa jibu la shuka, la kitanda, la mikono mirefu, la marashi, kila kitu kikakaa mahali pake. Bado alikuwa hajui. Kunguni walimweleza kwa nini chumba kilinukia. Hawakumwambia kitu kingine, maana si wao aliopaswa kuwauliza.

Nikamuuliza mjane, ukamjibu nini?

"Nilikasirika kwanza. Kweli nilikasirika, mgonjwa au si mgonjwa. Halafu nikamwona alivyonitazama. Nikaweka bakuli chini, nikamshika uso kwa mikono yote miwili. Nikamwambia, 'Hapana, baba watoto. Sikuwahi. Hata siku moja.' Akashusha pumzi, mwanangu, pumzi ndefu. Akaniomba uji. Akaumaliza wote. Neno lenyewe ni fupi hivi, hapana. Ningempa siku yoyote ile. Ameishi miaka yote hiyo bila neno langu, na mimi nililiweka hapa kifuani, naringa nalo, nangoja aje kuliomba."

Alifariki siku mbili baadaye.

Kwa mjane wake, pole sana, mama yetu. Umetuamini na jambo zito, nasi tunakushukuru. Kwa binti yake na ndugu zake, poleni kwa kuondokewa na baba, na watu wasiwasumbue kwa minong'ono. Kwa shemeji yake, kwa jirani na wifi yake, kwa mshirika wake ambaye sasa anabeba bomba peke yake, poleni. Mungu ampumzishe Mzee Pua mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza. Kama una kunguni, weka kopo chini, umtafute fundi anayerudi. Lakini kama ndani ya nyumba yako kuna mtu unayemchunguza kimyakimya, unapekua simu yake, unanusa nguo zake, unauliza watu wengine wote isipokuwa yeye, basi leo sikuombi ubaki nami mpaka mwisho wa matangazo. Zima redio. Yuko chumba cha pili. Nenda ukamuulize.